Injini imenoki (imekwama, haizunguki) baada ya kuchemsha: usikimbilie stata

Acha ipoe masaa matatu. Maji baridi kwenye injini ya moto hupasua hedi (kichwa cha injini). Chomoa betri, fungua plagi zote, ujaribu kuzungusha krenki (shafti kuu ya injini) kwa boksi spana ya mpini mrefu kwenye boliti ya puli, gia ikiwa huru. Mara nyingine haijanoki, ni maji tu yamejaa silinda. Yatatoka kwenye tundu la plagi.

Ikigoma, mimina vijiko viwili vya ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) kila tundu, ilale usiku mzima, kisha ichezeshe taratibu mbele na nyuma. Ukilazimisha, boliti inakatika. Ikizunguka, rudisha betri, piga stata plagi zikiwa nje (simama kando, ATF huruka), badilisha oili na filta, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji: mara nyingi gasketi ya hedi imeungua. Ikiwa na chembe zinazong'aa, mara nyingi beringi zimekwisha, shusha injini.