SOMO: Malengelenge kwenye tumbo la boti ya faiba

Somo hili ni la boti inayolala majini mwaka mzima, iwe Mikindani, ghuba ya Lindi au Kilwa Masoko. Boti inayovutwa mchangani kila jioni haisumbuliwi sana na malengelenge. Yenyewe hulika mkuku kwa kuburuzwa, na hilo lina dawa yake.

Gelikoti ni ngozi ya nje ya boti, tabaka la poliesta lisilofika hata milimita moja mara nyingi. Ukiitazama utadhani kigae, lakini maji huipenya kidogo kidogo. Yakikuta ndani mabaki ya resini (gundi inayoshikanisha nyuzi za faiba) ambayo hayakukomaa siku boti ilipomiminwa, huyayeyusha yakawa majimaji mazito yenye asidi. Majimaji hayo huvuta maji mengine kutoka nje, shinikizo hupanda, gelikoti huvimba. Ukiziba lengelenge juu bila kuosha kilichomo, umemfungia mwizi ndani ya nyumba.

Hatua ya 1: Msimu. Kusini mwa Tanzania mvua ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Pandisha boti Juni, kusi likiwa limeshika na anga limekauka, na ungoje bamvua ili maji yenyewe yakufikishe juu kabisa. Anayepandisha Januari ataosha vizuri tu, ila hatakausha.

Hatua ya 2: Kagua siku hiyohiyo. Kwangua mwani na chaza, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha zungushia penseli kila uvimbe. Usingoje kesho: lengelenge likikauka hunywea, ukalikosa. Toboa machache kwa ncha ya msumari, na uvae miwani kwa sababu majimaji huruka kwa nguvu. Yakinuka kama siki na kuteleza kwenye vidole, ugonjwa ni huu. Yakiwa maji matupu yasiyo na harufu, na gelikoti iliyo chini ni nzima, kilichovimba ni rangi tu. Ikwangue, upake upya, somo limekwishia hapo.

Hatua ya 3: Fungua. Tumia grinda yenye msasa namba 40, uchimbe kila lengelenge kama kisahani hadi ufike kwenye nyuzi ngumu. Gonga kandokando kwa mpini wa bisibisi. Panapolia butu bado pameachana, endelea kuchimba. Nyuzi nyeupe zilizokauka kama pamba ni zile ambazo hazikulowa resini tangu kiwandani, nazo zitoke. Kwa shimo lenye kina cha zaidi ya milimita 2, laza kingo zake kwa uwiano wa 1 kwa 12: kina cha milimita 2, mlalo wa milimita 24 kila upande. Malengelenge yakiwa yametapakaa tumbo zima, usichimbe moja moja. Ondoa gelikoti yote chini ya mstari wa maji. Ni kazi ya vumbi baya, barakoa ya kitambaa haitoshi. Vaa yenye vichujio.

Hatua ya 4: Osha. Hapa ndipo wengi hukosea. Watu huona kinyume kumwagia maji kitu unachotaka kukikausha, lakini ile asidi na mabaki ya resini havitoki kwa jua. Maji hukauka, vyenyewe hubaki, na boti ikirudi baharini vinaanza upya kuvuta maji. Osha kwa maji yasiyo na chumvi, ya moto ukiyapata, ukisugua kwa brashi ya nailoni mara tatu kwa siku kwa muda wa wiki moja. Shimo linalorudi kutoa majimaji yanayonata halijaisha.

Hatua ya 5: Kausha. Wiki sita hadi miezi mitatu. Mkulima wa korosho hapeleki ghalani mzigo mbichi, na boti nayo haidanganyiki. Jenga kivuli cha makuti au turubai kilicho wazi pembeni ili upepo upite, kisha kausha ngama na ufungue mifuniko yote, maana maji yaliyotuama ndani hupenya kama yale ya nje. Kipimo ni karatasi ya nailoni angavu ya sentimeta 30 kwa 30, iliyobandikwa tepu pande zote nne, ikae saa 24 mahali panapopata joto la mchana. Ukiona ukungu au matone upande wa ndani, subiri wiki mbili upime tena. Pima sehemu tano au sita, na mojawapo iwe karibu na mkuku.

Hatua ya 6: Ziba. Piga msasa namba 80, futa vumbi, pitisha asetoni kwa kitambaa safi. Paka epoksi nyepesi (resini ya makopo mawili, si poliesta) ndani ya mashimo, kisha ikiwa bado inanata jaza kwa epoksi iliyochanganywa na poda ya silika hadi isimame kama siagi ya karanga. Mashimo yenye kina kirefu yajengwe kwanza kwa kitambaa cha faiba kilichofumwa. Usitumie mati ya nyuzi zilizokatwakatwa: gundi inayoshikanisha mati nyingi huyeyushwa na staireni, kiyeyushi kilichomo kwenye poliesta, na epoksi haina staireni, hivyo mati hubaki ngumu na kuacha hewa.

Hatua ya 7: Ngozi mpya. Tabaka nne za epoksi isiyo na kiyeyushi kwa rola ya sponji, zifike jumla ya maikroni 300 hivi. Eneo la chini kadiria hivi: urefu mara upana mara 0.85. Boti ya mita 7 kwa mita 1.9 ina mita za mraba 11.3, mara 0.3 (maikroni 300 ni lita 0.3 kwa kila mita ya mraba) ni lita 3.4, weka na upotevu, nunua 4. Chukua hadina (dawa ya kugandisha) ya polepole, changanya kidogo kidogo, na umimine kwenye sinia pana. Ikikaa kwenye kopo itachemka na kuganda mkononi.

Anza saa nane mchana, boti ikiwa kivulini na joto linaanza kushuka. Ukianza asubuhi, hewa iliyo kwenye nyuzi hupanuka kadiri siku inavyopata moto na kutoboa vitundu kwenye epoksi. Paka tabaka mbili, ya pili imalizike kabla ya magharibi, kwani umande ni adui. Kesho yake utakuta utelezi kama nta: osha kwa maji na sponji ngumu, usitumie asetoni inayousambaza tu, piga msasa, upake mbili zilizobaki. Baada ya hapo rangi ya chini ya kuzuia chaza, kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

MASWALI YA WANACHAMA

Kilwa Masoko: Shikamoo fundi. Epoksi ni ghali. Siwezi kujaza kwa pati ya magari na kupaka gelikoti?

Jibu: Marahaba. Juu ya mstari wa maji gelikoti inafaa kabisa. Chini, pati ya magari hapana: imejaa unga wa talki unaonywa maji, itavimba na kudondoka. Ukitumia gelikoti, pima hadina kwa mizani au sirinji, gramu 10 hadi 20 kwa kila kilo. Kwenye joto letu kaa karibu na 10, lakini usishuke chini yake, haitakomaa hata ukingoja wiki. Tabaka la mwisho litiwe nta yake, la sivyo uso utabaki unanata. Na hadina usiikutanishe kamwe na kobalti (kichapuzi cha resini ya poliesta) moja kwa moja; hulipuka.

Mikindani: Mimi nilijaza kwa epoksi, nikapaka gelikoti juu. Mpaka leo inanata.

Jibu: Utelezi wa epoksi hukwamisha poliesta kukomaa. Kwangua hiyo gelikoti, osha epoksi kwa maji, piga msasa. Kama ni ubavuni, paka rangi ya poliyurethani ya makopo mawili. Chini ya maji, ongeza epoksi yenyewe.

Msanga Mkuu: Kaka, nina nyufa kama miguu ya buibui tezini, pale mashine inapofungwa. Nifuate hatua hizihizi?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Hizo ni nyufa za kunepa. Toboa tundu la milimita 5 kwa upande wa ndani, chini ya boliti za mashine, uangalie unga wa keekee. Ukitoka mkavu na mweupe wa mbao, ongeza bamba la ndani ili mzigo usambae, ndipo utengeneze gelikoti. Ukitoka wa kahawia na umelowa, mbao ya ndani imeoza, na hakuna rangi itakayoishika. Mashine ishuke, mbao ibadilishwe.

Lindi: Nilifanya mwaka jana kwa wiki mbili, malengelenge yamerudi palepale.

Jibu: Wiki mbili ni za kuosha na kupumua tu. Fungua tena, rudi hatua ya 4, na safari hii usiguse kopo la epoksi mpaka ile nailoni itoke kavu.