Pima mtutu kwanza, ndipo ununue vichwa vya risasi

Bunduki yangu ya Lee-Enfield No. 4 ilitengenezwa na Savage kule Chicopee Falls, Massachusetts, wakati wa Vita Kuu ya Pili, na ina muhuri wa mali ya Marekani ingawa ilikwenda kwa Waingereza. Risasi zake huitwa .303, na namba hiyo ni kipenyo cha mtutu, kwa inchi, kabla mifereji ya kuizungusha risasi haijachongwa ndani. Kichwa cha risasi hufuata mifereji, na kwa kawaida ni inchi 0.311 au 0.312. Lakini mitutu ya vita ilichongwa kwa haraka. Utakuta wenye 0.314, hata 0.316.

Kwa hiyo pima. Hakikisha bunduki haina risasi, toa boliti, safisha mtutu, upake mafuta. Chukua chubwi ya mvuvi ya risasi tupu (yaani madini laini, yasiyochanganywa), iliyozidi mtutu kidogo, uigonge kwa nyundo ya mbao kuanzia mdomoni. Itamenyeka kipete chembamba pembeni. Ndiyo dalili kwamba imejaa. Isukume kwa ufito wa shaba taratibu mpaka itokee nyuma, mkono ukisikiliza: ikilegea ghafla katikati, hapo pameliwa. Kisha pima matuta ya chubwi kwa maikromita. Kalipa ya bei rahisi haitoshi hapa, maana tunabishania elfu moja ya inchi. Mtutu wa mifereji miwili, kama wangu, unapimika moja kwa moja. Wa mifereji mitano hauna tuta linalotazamana na jingine, kwa hiyo zungushia ukanda mwembamba wa bati unaoujua unene, upime, kisha utoe unene huo mara mbili.

Kwa vichwa vya kuyeyusha mwenyewe, ongeza 0.001 au 0.002 juu ya kipimo cha mifereji. Mtutu wa 0.314 mimi huupa 0.316. Kikiwa chembamba, gesi hupenya pembeni, risasi inapaka mtutu, na kwenye karatasi ya shabaha unaona tundu refu la kichwa kilichopita kwa ubavu badala ya duara. Kichwa kikipita kwenye tundu la kusawazishia (kifaa cha kukiminya hadi kipimo) bila kugusa, kimetoka chembamba kwenye kalibu. Risasi tupu husinyaa zaidi ya iliyochanganywa na bati na antimoni.

Ukubwa nao una kikomo. Chukua ganda lililopigwa kwenye bunduki hiyohiyo, usilibane upya, ujaribu kukitumbukiza kichwa mdomoni kwa vidole. Kisipoingia, usikitumie: shingo ya ganda haitapata nafasi ya kutanuka na mkandamizo utapanda. Baruti fuata jedwali la mtengenezaji, uanzie kiwango cha chini kabisa.

Wenye Gewehr 88, bunduki za Kijerumani za 1888, mkae macho zaidi. Mitutu yao ya awali ni ya 0.318, za baadaye 0.323, na kwa macho hazitofautiani. Kabla ya chubwi kupita humo, usinunue hata boksi moja.