Siku za jua kali, mazoezi fanya asubuhi

Jamani mnaopenda kukimbia au kupiga baiskeli saa tisa saa kumi alasiri, siku za jua kali hamishieni asubuhi. Sababu ni ozoni ya huku chini, gesi inayochafua hewa tunayovuta: haitoki moja kwa moja kwenye bomba la gari, inapikwa na jua kutokana na moshi wa magari na viwanda pamoja na mvuke wa petroli na rangi, kwa hiyo inapanda taratibu mpaka inafika kilele mchana kuelekea jioni, na huioni kwa macho. Ukiwa unahema kwa nguvu unaivuta mpaka ndani kabisa ya mapafu, koo linawasha, kifua kinabana ukivuta pumzi ndefu, na mwenye pumu ndo anaumia zaidi, inhela asiiache nyumbani. Barakoa za kawaida hazisaidii, hii ni gesi sio vumbi. WHO (Shirika la Afya Duniani) wanashauri ozoni isizidi maikrogramu 100 kwa mita ya ujazo, wastani wa masaa 8, so ukifungua app ya hali ya hewa angalia namba ya ozoni yenyewe. Petroli jaza jua likishazama, ili mvuke wake usipikwe kuwa ozoni. Na wenye bustani, majani ya maharage yakitoa vidoadoa vya kahawia upande wa juu tu, katikati ya mishipa, msikimbilie dawa ya wadudu, inaweza kuwa ni hiyo hiyo ozoni.