Kabla hujafungua kozi ya mtandaoni, chomoa kipanya

Kazi yangu ni kukagua kozi za chuo kikuu kabla wanafunzi hawajaingia. Mhadhiri akinikabidhi kozi yake, kwanza nachomoa kipanya. Nabonyeza kitufe cha Tab hatua kwa hatua hadi nifike kwenye somo la kwanza, nifungue video, nijibu jaribio na kulituma. Mahali ninapokwama ndipo atakapokwama mwanafunzi ambaye mikono yake haimudu kipanya, na pia asiyeona kishale kiko wapi. Jaribu hivyo leo kwenye kozi yako.

Halafu washa programu ya kusoma skrini, ufumbe macho usikilize. Kwa kompyuta za Windows ipo NVDA, ambayo ni ya bure. Simu nyingi za Android zina TalkBack, na iPhone huja na VoiceOver.

Tatizo ninalokutana nalo zaidi ni PDF zilizoskaniwa. Sura ya kitabu imegeuzwa picha, kwa hiyo programu haikuti neno hata moja la kusoma, na mwanafunzi asiyeona anaachwa na ukurasa mtupu wiki ileile ambayo wenzake wanajadili sura hiyo. Kuipima ni rahisi: jaribu kuchagua neno moja na kulinakili. Likikataa, ipitishe faili kwenye programu ya kutambua maandishi, kisha uisome yote na kusahihisha, hasa majina, tarakimu na majedwali. Kama unayo faili ya Word iliyozaa hiyo PDF, wape wanafunzi hiyo. Mimi naipendelea siku zote.

Ndani ya Word na kwenye kurasa za kozi, vichwa viwekwe kwa mitindo ya vichwa, ngazi ya 1, ya 2 na ya 3. Kunenepesha herufi hakutoshi. Anayetumia NVDA kwenye ukurasa wa wavuti hubonyeza H akaruka kutoka kichwa hadi kichwa. Bila mitindo hiyo atalazimika kusikiliza kila kitu tangu mwanzo ili apate aya moja. Viungo navyo viseme vinakokwenda: “Maelekezo ya kazi ya wiki ya 3”, wala si “bofya hapa” mara kumi.

Maelezo ya picha yabebe kile unachotaka mwanafunzi ajifunze. “Grafu ya joto” haimfundishi mtu. Andika: “Joto la maji linapanda hadi nyuzi 100 za Selsiasi, kisha linatulia wakati maji yanachemka.” Picha ya pambo iwekewe alama kuwa ni pambo, programu iipite.

Kwenye video, manukuu yanayojitengeneza yenyewe, yaani maandishi ya yanayosemwa, ni rasimu tu. Yapitie, maana huvuruga istilahi na majina, na kiziwi anayajua kwa kuyasoma hapo. Unaporekodi, acha kusema “kama mnavyoona hapa”; taja kilichopo. Ukisema “safu ya pili inapungua kutoka 40 hadi 10”, asiyeona yuko nawe.

Rangi: mwongozo wa kimataifa wa WCAG, unaohusu kurasa za wavuti zinazofikiwa na watu wenye ulemavu, katika kiwango chake cha kati kiitwacho AA, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu juu ya nyeupe mara nyingi hushindwa. Na jibu lililokosewa lisionyeshwe kwa rangi nyekundu pekee, ongeza neno.

Muda wa mitihani ushughulikie mapema. Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, inakuruhusu kumwongezea mwanafunzi mmoja dakika bila kugusa za wengine, na bila darasa kujua. Kwa hiyo wiki ya kwanza waandikie wote, faraghani: “Kuna chochote kwenye kozi hii kinachokuzuia kusoma? Niambie nikirekebishe.” Usidai wakueleze ugonjwa wao.

Mwisho, watafute wanafunzi wanaotumia programu za kusoma skrini au kibodi pekee kila siku waipitie kozi kabla haijafunguliwa. Wanagundua kwa haraka yale yanayonipita mimi. Hiyo ni kazi ya kitaalamu, hivyo walipwe.