Somo: Baridi ya nyumbani, karakana na kuhama, namna ya kuvipiga hesabu pamoja ukiwa na hela ndogo

Habari za jioni wadau. Hili somo niliwaahidi tangu mwezi wa tano, sasa baridi imeshaingia huku Uyole, Mbeya, asubuhi ukifungua mdomo pumzi inatoka kama moshi, nikaona nisichelewe tena maana wengi mnaanza kuingiza majiko ndani saa hizi.

Mi ni fundi seremala, natengeneza vitanda, stuli na makabati madogo. Nina mke na watoto wawili. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili vya tofali za kuchoma, bati juu, hakuna silingi, yani dari. Chumba kimoja tunalala wote wanne, kingine ndo karakana. Mwaka juzi mwezi wa saba usiku mmoja tuliingiza jiko la mkaa chumbani, mkaa umeshawaka mwekundu kabisa, hauna moshi, tukafunga mlango tukalala. Saa nane usiku mke wangu akaamka kwenda kujisaidia, akaanguka pale mlangoni. Huo mlango ulivyofunguka kwa uzito wake ndo tukapona. Mi kichwa kilikuwa kinapasuka na miguu haina nguvu, mtoto mdogo ilibidi nimvute kwa mkono kama mzigo. Kwaiyo ninayoandika hapa sijayasoma tu sehemu.

Baada ya pale nikawa nataka kuhama. Kila siku nawaza kuhama. Baridi nikaifanya tatizo lake, karakana tatizo lake, nyumba tatizo lake, na kila tatizo nikawa natafutia hela yake na hela yenyewe ni moja. Kilichonisaidia ni kuviweka vyote kwenye daftari moja, ukurasa mmoja.

HATUA YA 1: Jua baridi yako inaingilia wapi kabla hujanunua chochote

Zima taa usiku, mtu mwingine azunguke nje na tochi akimulika pale ukuta unapokutana na bati, na chini ya mlango. Palipopita mwanga na upepo unapita hapohapo. Kwangu kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba bati, kulikuwa na mwanya unaopitisha ngumi pande zote mbili. Halafu bati lenyewe. Mwezi wa sita na wa saba mawingu huku ni machache, usiku joto lote linapanda juu linaondoka, bati linapoa sana na ile hewa mnayopumua inageuka maji yanawadondokea kitandani. Wengi wanadhani bati linavuja.

Angalia pia jua. Sisi tuko kusini ya ikweta, mwezi wa sita jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, kwaiyo dirisha la kaskazini linapata jua ndani na la kusini halipati kitu. Chumba chenye dirisha la mashariki kinapata moto wa asubuhi mapema. Mi nilikuwa nimeweka mbao kwenye chumba cha mashariki, watoto wanalala cha kusini! Miaka mitatu.

HATUA YA 2: Piga hesabu ya moto

Hita ya umeme ya wati 2000 ikiwaka saa moja imekula yuniti mbili. Ukiwasha masaa manne kila usiku ni yuniti 8, kwa mwezi 240. Yuniti moja ukiiweka kama shilingi 350 unapata 84,000. Kodi yangu ya nyumba ilikuwa 70,000 kwa mwezi, yani hita ingekula kuliko mwenye nyumba. Nikaifuta.

Mkaa ndani ya chumba cha kulala nimeshaufuta kwa sababu mnaijua. Ile hewa inaitwa kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi bado unaitoa. Inaingia kwenye damu inakaa mahali pa oksijeni. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuisha nguvu, na ukiwa umelala hizo dalili huzisikii, unaondoka. Kama imekukuta toka nje kwanza, wengine muwatoe, halafu hospitali mkawekewe oksijeni, usilale tena useme itapoa.

Kilichobaki ni silingi. Nilifanya chumba kimoja tu, cha watoto, mita 3 kwa 3 na nusu. Mabanzi niliyopata kwa wapasua mbao, nikayaranda upande mmoja, juu yake nikatandaza maboksi na viroba vya salfeti nilivyoshona, mianya ya kenchi nikaziba kwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Jumla 65,000 na kazi nilifanya mwenyewe siku mbili. Usizibe kila kitu, acha tundu la hewa juu ya dirisha, nyumba yenye watu inahitaji hewa. Na viroba vinashika moto haraka, kwaiyo mshumaa na koroboi visikae chumba hicho. Chini tulitandika mkeka na kapeti la plastiki juu ya sakafu ya simenti. Usiku tunachemsha maji tunajaza dumu la lita tatu, kifuniko kikazwe vizuri, tunalifunga na khanga mbili, linaingia kitandani nusu saa kabla ya watoto, halafu tunalisogeza miguuni. Mpaka alfajiri bado lina uvuguvugu.

HATUA YA 3: Karakana itoke kwenye nyumba, au angalau ijue gharama yake

Hapa nitakaa kidogo. Watu wanasema karakana ya nyumbani ni bure. Sio bure. Mtoto wangu alikuwa anakohoa tangu mwezi wa nne na sisi tunasema baridi baridi, kumbe na vumbi la mbao limo. Nilipohamisha msasa kikohozi kilipungua ndani ya wiki mbili, kabla hata ya silingi.

Pili ni luku. Nyumba ndogo zilizowekwa kwenye tarifu ya chini zinauziwa yuniti 75 za mwezi kwa bei rahisi, ukizivuka bei inaruka zaidi ya mara tatu. Mota ya kuranda ya kilowati 1.5 ikifanya kazi kweli masaa matatu kwa siku inakula yuniti kama 4 na nusu, siku 20 za kazi ni 90. Yani mashine peke yake imeshawatoa kwenye bei rahisi, na taa ya watoto na pasi vinalipiwa bei ya juu. Andika hiyo tofauti kwenye daftari upande wa karakana, usiiandike upande wa nyumba.

Tatu ni baridi yenyewe. Gundi nyeupe ya mbao haishiki vizuri ikipoa sana, ukiunga asubuhi saa moja kitanda kitarudi kwa mteja kinalia. Mi naunga kuanzia saa nne mpaka saa tisa, na kiungo nakiacha kwenye klampu mpaka kesho yake. Vanishi ukipaka kwenye unyevu wa asubuhi inatoka na weupe kama ukungu. Kwaiyo unapotafuta eneo tafuta penye jua, usiangalie kodi tu.

Nilipata sehemu tatu. Fremu barabarani 100,000. Banda la fundi wa kuchomelea, tushirikiane, 25,000 tu. Na nyuma ya mashine ya kusaga, 40,000, yenye umeme wa njia tatu tayari na wangenifungia sabmita, yani mita ndogo ya kupima umeme wangu peke yake. Ile ya 25,000 iliniuma kuiacha, nilirudi kuiangalia mara mbili, lakini cheche za kuchomelea na maranda ya mbao pamoja ni sawa na kulala chumba kimoja na petroli. Nikachukua ya mashine ya kusaga. Wateja wa unga wananiona kila siku, nimeuza stuli kwa akina mama wanaosubiri zamu yao.

HATUA YA 4: Kuhama, gawanya kwa miezi

Nilikuwa nimeona nyumba Mbalizi ya 55,000. Kule kuko chini kuliko Uyole, Uyole inakaribia mita 1800, na kwa kawaida kila mita 100 ukishuka joto linaongezeka kama nusu digrii. Kodi pia naokoa 15,000 kila mwezi. Moyo ulishahama. Nikaandika:

Dalali, kodi ya mwezi mmoja, 55,000. Kenta ya kubeba vitu, mashine na mbao 120,000. Fundi umeme kufungua na kufunga mashine 40,000. Siku tano bila kazi, 15,000 kwa siku, 75,000. Sare za shule mpya watoto wawili 60,000. Jumla 350,000. Gawanya kwa 15,000 ninayookoa, ni miezi 23 na ushee ndo hela irudi. Na hapo sijaweka kodi ya miezi sita mbele, 330,000, ambayo lazima iwe mkononi siku moja, wala wateja wa Uyole ambao hawatapanda gari kunifuata.

Silingi ya 65,000 na ile sehemu ya 40,000 ya mashine ya kusaga vikashinda. Tulibaki, watoto wakahamia chumba cha mashariki. Kwako hesabu inaweza kusema uhame, na ikisema hama. Ila siku tano bila kazi usiache kuziandika, hizo ndo watu wote wanasahau.

MASWALI YA WADAU

Mama Wawili, Njombe: Asante baba kwa somo. Mi hua naacha dirisha wazi kidogo, jiko naweka pembeni ya mlango. Hapo si salama?

Jibu: Hapana mama, samahani sana kusema hivo maana najua Njombe ilivyo. Dirisha wazi kidogo haliaminiki, upepo ukigeuka hewa inabaki ndani na wewe umelala. Pasheni chumba jioni mkiwa macho na milango wazi, halafu jiko litoke nje kabisa kabla ya mtu kulala, na majivu yenye moto yatoke nalo, yale ya chini bado yanatoa hiyo hewa. Dumu la maji litawasaidia kuliko mnavyodhani.

Binti wa Makete: Shikamoo kaka. Mi ni fundi nguo, nashona chumbani, nataka kupanga fremu Makambako kwa sababu wateja ni wengi. Hesabu ni ileile?

Jibu: Marahaba. Yako ni tofauti kidogo. Cherehani haina vumbi kama la kwangu na mota yake ndogo inakula umeme kidogo sana, kwaiyo kushonea nyumbani kwako ni faida kweli. Mi ningeanza kwa kupeleka kazi Makambako siku za soko miezi miwili mitatu, nione wateja wanarudi au la, nauli naiandika. Ila nikuulize, pasi unatumia ya mkaa? Hiyo nayo ni jiko. Pigia pasi kibarazani, usifunge mlango nayo ndani. Na fremu ya biashara ulizia kodi ya zuio, ile mpangaji anayokata kwenye pango na kuipeleka serikalini, asilimia 10 ya pango, mkubaliane mapema na mwenye nyumba inahesabiwaje, isije ikakukuta mwisho wa mwaka.

Mzee wa Gangilonga: Kamwene. Nimepanga nyumba ya zamani ina sehemu ya kuotea moto na dohani. Haijatumika miaka. Naweza kuwasha?

Jibu: Kamwene mzee wangu, shikamoo. Una mali hapo, lakini usiwashe leo. Apande mtu aangalie juu, ndege wanajenga humo na masizi ya zamani yanashika moto. Kagua nyufa kwenye ukuta wa dohani hasa ndani ya dari. Ikishasafishwa washa karatasi moja, moshi ukipanda wote vizuri endelea na kuni kidogo, moshi ukirudi chumbani zima moto. Kuni ziwe kavu kabisa. Na mzizime kabla ya kulala.

Kijana wa Mafinga: Mkuu huku maranda tunayatupa tu. Jiko la maranda haliwezi kupasha nyumba?

Jibu: Ndani bila dohani hapana, linatoa hewa ileile. Nje ni zuri sana. Chukua ndoo ya bati, toboa tundu ubavuni chini, simamisha chupa katikati na mti ubavuni, shindilia maranda makavu mpaka yagande, halafu chomoa vyote viwili pole pole. Linawaka masaa mengi, sisi ndo tunachemshia maji ya madumu na uji wa asubuhi. Kitu kimoja nakuomba kwa sababu uko Mafinga, maranda ya nguzo zilizotiwa dawa, zile za kijani kijani, usichome kabisa hata nje. Dawa yake ina shaba, kromu na aseniki, aseniki ni sumu na majivu yake yanabaki na sumu. Hata usiyamwage kwenye bustani ya mboga.

Mjukuu wa Rungwe: Ndaga fijo kaka. Mwenye nyumba wangu anasema nikiweka silingi ni yake, hanilipi wala hapunguzi kodi. Niweke?

Jibu: Hata wangu mwanzo alisema hivohivo. Nilimpelekea hesabu kwenye karatasi, mabanzi bei gani, skrubu bei gani, nikamwomba akate 5,000 kila mwezi mpaka ifike nusu, nusu nyingine nibebe mi. Alikubali, tukaandika, tukasaini mbele ya balozi. Kama wako amegoma kabisa, funga kwa skrubu badala ya misumari, na muandikishane kabla hujaanza kwamba siku ukihama unafungua unaondoka nayo. Yangu mabanzi yote yana skrubu mpaka leo.