Jua maji ya tangini bila kupanda juu ya bati

Huku Wete maji ya mfereji saa nyengine yanakuja usiku wa manane, na kupanda juu ya bati na tochi kuchungulia tangi ni hatari wallahi, ndo mana mie nikafunga sensa. Tafuta bodi ya ESP32, yaani kikompyuta kidogo chenye waifai, sensa ya JSN-SR04T ile isoingia maji, inapima umbali mpaka kwenye maji kwa mwangwi wa sauti, na programu ya ESPHome ya kuendeshea bodi hiyo, ni bure na msimbo wake uko wazi, tena data zinabaki humo humo ndani kwako haziendi kwenye seva ya mtu.

Sasa hapa sikiliza vizuri, sensa inatumia volti 5 lakini pini za ESP32 ni za volti 3.3, ukiunga waya wa echo, ule unaoleta jibu la sensa kwenye bodi, moja kwa moja unaweza kuunguza bodi. Tia rezista, kile kidude cha kupunguza umeme, ya kiloomu 1 kutoka echo mpaka kwenye pini, halafu ya kiloomu 2 kutoka pini hiyo hiyo kwenda graundi (GND).

Sensa ifunge juu ya tangi itazame maji, ibaki kama sentimita 25 kutoka kwenye maji hata tangi likijaa, ikiwa karibu zaidi inasoma uongo. Waifai iwe ya 2.4 GHz. Bodi itie kwenye kiboksi uzibe kwa silikoni, chumvi ya bahari inakula waya haraka sana.