Somo: Jinsi kitosani inavyokamata ioni za shaba

Mrututu, yaani salfeti ya shaba, wengi tunaujua kama dawa ya ukungu kwenye kahawa. Leo tunautumia kuona polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, ikishika metali. Polima yetu ni kitosani, inayotengenezwa kwa magamba ya kamba wa baharini. Mrututu ni sumu, kwa hiyo vyombo vya jikoni viacheni huko huko.

1. Yeyusha gramu 0.25 za mrututu katika mililita 100 za maji safi ya maabara. Buluu hafifu unayoiona ni ya ioni za shaba zilizozungukwa na maji. Hayo maji ndiyo ligandi za mwanzo, yaani molekuli zinazoishikilia ioni ya metali.

2. Tia gramu 1 ya vipande vya kitosani. Usivisage, kuchuja kutakutoa jasho.

3. Pima pH, ikae karibu na 5. Hapa ndipo wengi huharibu. Karibu kila pete ya mnyororo ina kundi la amini, na naitrojeni yake ina jozi ya elektroni isiyo na kazi. Jozi hiyo ndiyo inayopewa shaba. pH ikishuka chini ya 4, protoni za asidi zimeshaiwahi jozi hiyo, na amini yenye chaji chanya inaisukuma shaba. Ikipanda juu ya 6, shaba huanza kutuama kama haidroksidi, nawe utadhani imekamatwa.

4. Koroga, acha hadi kesho. Vipande vitakuwa buluu, maji yatapauka. Naitrojeni imechukua nafasi ya maji. Nafasi nyingine zimejazwa na oksijeni za jirani.

5. Chuja, kisha tonesha amonia kwenye maji yaliyobaki. Yakigeuka buluu iliyokolea, shaba bado imo.

Maswali

— Mkuu, amonia nayo si ina naitrojeni? Polima ya nini?
Inashika vizuri tu, ila inabaki ndani ya maji pamoja na shaba. Kitosani unaichota na mzigo wake.

— Vipande vyangu vimekuwa ute. Nilitia siki kidogo.
Siki imeshusha pH, mnyororo ukayeyuka. Anza upya, pole.

— Chumvi ya mezani ikiwemo?
Sodiamu haina haja na naitrojeni, inapita zake.

— Shaba naitoaje?
Osha kwa asidi ya salfa hafifu, bila kupasha moto. Ya haidrokloriki itakuyeyushia kitosani yote.